Harusi ya Rafiki, Mtoto Mchanga na Kazi ya Jumatatu

Kadi ya mwaliko hutaja siku moja. Kwa mwenye mtoto wa chini ya mwaka, siku hiyo huzaa nne: ya kwenda, ya sherehe, ya kurudi, na ya mtoto kuurudia usingizi wake. Hii ya nne ndiyo watu huisahau, nayo kwa kawaida huangukia siku ya kwanza ya kazi. Kabla hujafikiria nguo wala zawadi, hesabu siku hizo nne.

Hesabu kwanza, ndipo ujibu

Chukua kalenda za wazazi wote wawili na uziweke pamoja. Andika safari za kikazi, tarehe za kukabidhi kazi, siku za chanjo, na mialiko yote ya msimu huo, hata ile ambayo bado ni tetesi tu. Kisha tafuta umri atakaokuwa nao mtoto siku ya harusi. Hapa wengi huteleza, kwa kuwa humpangia mtoto wanayemwona leo, na miezi mitatu mbele huyo atakuwa mtoto mwingine kabisa.

Chini ya wiki 6 ni heri kubaki nyumbani, isipokuwa harusi iwe jirani. Mama bado anapona, na hatari ya damu kuganda miguuni iko juu zaidi katika wiki hizo, kwa hiyo kukaa kitini muda mrefu si jambo la kuchukulia poa. Zaidi ya hayo, mtoto wa chini ya miezi 3 akifikisha joto la nyuzi 38 anatakiwa kuonwa na daktari papo hapo. Huo si umri wa kuwa mahali ambapo hujui hospitali iko upande gani.

Kati ya miezi 2 na 5, kwa maoni yetu, ndiko kwenye nafuu: hatambai, chakula chake ni maziwa tu, na hulala kifuani mwa mtu hata watu wakiongea. Kuanzia miezi 6 huongezeka vyakula vya kulishwa, kutambaa, na kuogopa sura ngeni. Akikaribia mwaka, ratiba yake ya usingizi wa mchana imeshika mizizi, na kukaa pakatani saa nzima huona ni kifungo.

Ukishajua umri, kuna majibu manne, wala si mawili tu: mwende wote, aende mmoja, mhudhurie ndoa na kuiacha karamu, au msiende. Hilo la tatu halitumiwi vya kutosha. Waambie maharusi mapema na kwa uwazi: “Tutakuwepo kwenye ndoa na mwanzo wa karamu, kisha tutaondoka na mtoto.” Wenye shughuli wana viti vya kupanga, na ahadi ndogo iliyotimizwa huwafaa kuliko kubwa iliyovunjwa asubuhi ya harusi. Uliza pia kama watoto wamealikwa. Kadi isipomtaja mtoto, usijijibie mwenyewe.

Ukiombwa kuwa msimamizi, jiulize ni nani atambeba mtoto wakati umesimama mbele ya watu. Kama hakuna jibu, omba kazi inayomalizika kabla ya siku yenyewe: kukusanya michango, kufuatilia wageni kwa simu, kuandaa ratiba. Ni kazi halisi, na unaweza kuifanya mtoto akiwa amelala.

Mialiko ikifuatana, acha angalau wikiendi mbili tupu kati ya safari moja na nyingine. Familia inayosafiri wikiendi tatu mfululizo huchoka nyumbani na kuzembea kazini kwa pamoja, kisha lawama huangukia harusi ya mwisho, ambayo haikuwa na kosa.

Likizo iombwe upande upi

Ukiwa na siku moja tu ya likizo, iombe baada ya harusi. Kuondoka jioni baada ya kazi kunawezekana, tena mtoto atalala njiani. Asubuhi ya baada ya kurudi haina mbadala: usiku umekatika vipande, nguo zimelowa, maziwa hayajapangwa.

Andaa ukurasa mmoja wa makabidhiano: yaliyobaki, nani ana uamuzi, na saa ambazo simu yako itakuwa wazi. Usiahidi kufanya kazi ukiwa safarini. Ukibahatika utapata saa moja na nusu ya utulivu kwa siku mtoto akilala, na hiyo ni heri uitumie kulala nawe. Lililo la lazima lipe saa maalumu, kwa mfano saa moja hadi saa mbili asubuhi, mwenzako akiwa na mtoto chumba kingine.

Kama umerudi kazini na unanyonyesha, uliza utaratibu wa mapumziko ya kukamua kabla hujaanza kuweka akiba ya maziwa. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataja likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14 na haki ya mapumziko ya kunyonyesha kila siku, lakini nchi hutofautiana, na waajiri pia. Kipindi kimoja cha kukamua huchukua dakika 15 hadi 20, ukiacha muda wa kuosha vifaa. Kiingize kwenye kalenda ya ofisi kama kikao. Nafasi iliyoachwa wazi hujazwa na watu wengine.

Hesabu ya maziwa

Mtoto wa mwezi 1 hadi 6 anayenyonya tu hunywa takriban mililita 750 kwa siku, wengine pungufu, wengine zaidi. Igawe kwa saa 24 upate kama mililita 30 kwa kila saa utakayokuwa mbali naye. Ukiondoka saa nane mchana na kurudi saa nne usiku, ni saa nane: mililita 240. Ongeza mlo mmoja wa dharura, kama mililita 90, kwa ajili ya foleni au chupa itakayomwagika. Jumla 330.

Usizikamue zote siku moja. Anza siku 10 kabla, kila asubuhi baada ya mtoto kunyonya, wakati matiti bado yamejaa, na utoe mililita 30 hadi 40 tu. Anayekamua nyingi kwa pupa huuambia mwili kuwa ana watoto wawili. Maziwa huongezeka kuliko mahitaji, na siku ya safari matiti huvimba na kuuma. Gandisha katika vifuko vya mililita 60 hadi 120 vilivyolazwa bapa, acha nafasi kidogo juu kwa sababu maziwa hutanuka yakiganda, andika tarehe, na tumia ya zamani kwanza.

Mipaka ya muda ni hii. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa 4 katika chumba kisichozidi nyuzi 25. Penye joto zaidi, yawahishe kwenye baridi. Kwenye friji hukaa siku 4. Yaliyogandishwa ni mazuri zaidi ndani ya miezi 6. Kwenye mfuko wa kuhifadhi baridi wenye vipande vya barafu vilivyoganda sawasawa, hukaa hadi saa 24. Yakishayeyuka kabisa ndani ya friji una saa 24, na hayagandishwi tena. Mtoto akiacha nusu chupa, iliyobaki itumike ndani ya saa 2 tangu alipoacha au imwagwe. Pasha kwa kuweka chupa kwenye bakuli la maji ya moto kiasi. Maikrowevu hupasha kwa mabaka, na baka moja la moto linatosha kuunguza ulimi.

Maziwa ya unga yana sheria zake. Maji yawe na joto lisilopungua nyuzi 70 wakati unga unatiwa, kwa sababu unga wenyewe si tasa na joto hilo ndilo linaloua vijidudu. Maji yatangulie, unga ufuate, kijiko kikiwa kimesawazishwa juu, kisha poza chupa chini ya bomba hadi iwe vuguvugu. Maziwa yaliyokorogwa yatumike ndani ya saa 2, au saa 1 tangu mtoto aanze kunywa. Kwa safari, beba chupa safi kavu, unga uliopimwa kwenye vikopo vidogo, na chupa ya chai yenye maji yaliyochemka muda si mrefu. Usikoroge chupa tano asubuhi ukitumaini zitafika jioni.

Mtoto ambaye hajawahi kunywa kwa chupa hatajifunza siku ya harusi. Anza wiki 3 kabla, kiasi kidogo, anyweshwe na mtu mwingine mama akiwa nje ya chumba, na mtoto asiwe na njaa kali. Akiikataa chupa, jaribu kikombe kidogo, umpe taratibu akiwa amekaa wima.

Mama atakayekuwa shereheni bila mtoto akamue kila saa 3 hivi, au kwa nyakati ambazo mtoto hula. Ndiyo maana nguo ichaguliwe kwa kufunguka mbele. Gauni la zipu mgongoni humfanya avue kila kitu chooni. Akiruka vipindi viwili, titi hujaa, hupata donge, na likiwa jekundu lenye joto pamoja na homa, hilo ni la kupeleka kwa daktari. Kuhusu pombe: kwa kinywaji kimoja cha kawaida, subiri angalau saa 2 kabla ya kunyonyesha. Kukamua na kumwaga hakuharakishi chochote, kwani kilevi hutoka kwenye maziwa kadiri kinavyotoka kwenye damu. Na aliyekunywa asilale kitanda kimoja na mtoto.

Njiani

Kwenye gari, kiti cha mtoto kitazame nyuma, kisiwekwe kamwe mbele ya mfuko wa hewa (airbag) unaofanya kazi. Mikanda itokee usawa wa mabega au chini kidogo yake. Ibane begani kwa vidole viwili: ukiweza kuukunja mkanda, umelegea. Mvue sweta nene kabla ya kumfunga, kwani hubonyea ajali inapotokea na mkanda huachwa ukining’inia; blanketi liwekwe juu ya mikanda. Simama kila baada ya saa 2, mtoe kitini, mbadilishe, mlishe, umlaze bapa kidogo. Simama hata kama amelala vizuri na mmechelewa, maana mtoto mdogo aliyejikunja kitini muda mrefu anaweza kubanwa pumzi kidevu kikilalia kifua.

Kwenye ndege, maumivu ya masikio huja hasa wakati wa kushuka, na kushuka huanza kama dakika 30 kabla ya kutua. Ahirisha mlo hadi hapo. Kunyonya na kumeza hufungua mrija wa sikio. Ukimlisha kabla ya kuruka akashiba, wakati wa kushuka hutakuwa na silaha, labda chuchu bandia tu. Maziwa ya mtoto katika viwanja vingi huruhusiwa kupita kikomo cha mililita 100 cha vimiminika vya mkononi, ila yatoe uyaoneshe mwenyewe. Kitanda kidogo cha mtoto kinachofungwa ukutani ndani ya ndege kina kikomo cha uzito, na viti vilivyo mbele yake ni vichache, basi kiombe siku unayokata tiketi. Ukivuka mpaka, mtoto awe na hati yake ya kusafiria, na akisafiri na mzazi mmoja, beba barua ya ridhaa ya mwingine. Nenda kliniki angalau mwezi mmoja kabla, kwani kwa safari za nje mtoto wa miezi 6 hadi 11 anaweza kupewa dozi ya mapema ya surua, na kinga huhitaji kama wiki 2 kujengeka.

Mfuko wa mkononi: nepi moja kwa kila saa 2 za safari na 4 za akiba, nguo seti mbili za mtoto, shati moja la kwako (hili watu hulisahau, kisha hushuka wakinuka maziwa), kipima joto, dawa zake, maziwa, na nguo zenu za harusi. Mzigo uliopakiwa ukipotea, soksi zina mbadala.

Kama mnapokwenda saa zinatofautiana kwa mbili au tatu tu, na mnakaa siku zisizozidi tatu, mwacheni mtoto kwenye saa za nyumbani.

Ukumbini

Panga kwa kurudi nyuma kuanzia saa ya ndoa. Tuseme ndoa ni saa tisa alasiri na mtoto ana miezi 5, umri ambao wengi huweza kukaa macho kama saa mbili. Mlaze saa saba, aamke saa nane na nusu, anyonye na acheulishwe mkiwa tayari mmefika. Anaingia akiwa ameshiba na mchangamfu. Saa kumi na nusu alale kidogo kifuani. Karamu saa kumi na mbili, nanyi saa mbili usiku mko mlangoni mnaaga.

Kisha jua kwamba harusi huchelewa. Mpigie simu mtu wa ndani, si bwana wala bibi harusi, umuulize saa ya kweli. Ikisogea kwa saa moja, sogeza usingizi, usimwamshe mtoto ili awahi kuwasubiri watu ambao bado wanavaa.

Keti pembeni, nyuma, karibu na mlango, mbali na spika. Muziki wa ukumbini hufikia kwa urahisi kiwango kinachodhuru masikio, na mfereji wa sikio la mtoto ni mfupi na mwembamba. Kipimo kisicho na kifaa: ikibidi upaze sauti kumfikia aliye umbali wa mkono, mtoto atoke. Mahali pa wazi, kuongeza umbali maradufu hupunguza sauti kwa desibeli 6 hivi. Ndani ya kuta nafuu huwa ndogo zaidi. Vifuniko vya masikio vya watoto husaidia, lakini huwezi kuvitegemea usiku kucha. Vizibo vya kuingiza sikioni usivitumie; akiking’oa, kinaelekea mdomoni. Mtafute mapema mwenye ukumbi umuulize chumba tulivu cha kunyonyeshea.

Kwenye mbeleko, uso wa mtoto uonekane muda wote, na kati ya kidevu na kifua pawe na nafasi ya vidole viwili. Kigari usikifunike kwa kitambaa ili alale. Ndani hupanda joto upesi na humwoni.

Watu watamtaka. Mtoto wa harusini hupita mikono ishirini bila mtu kukusudia baya lolote. Weka sheria mbili: mikono ioshwe kwa sabuni, na hakuna busu la usoni wala vidoleni, maana vidole huishia mdomoni. Virusi vya vidonda vya mdomo, ambavyo kwa mtu mzima ni kero ndogo, vinaweza kumuua mtoto wa wiki chache. Kukatalia watu kavu kavu ni vigumu, kwa hiyo wape kitu badala: “Mshike mguu, anapenda.” Na aliye na mafua akae mbali, hata awe shangazi.

Mtu mwingine atataka kumwonjesha. Asali hapana hadi atimize mwaka, hata ikiwa imefichwa kwenye kitu kitamu. Maji matupu hapana kabla ya miezi 6. Karanga nzima, zabibu nzima na pipi ngumu humkaba mtoto hata akiwa amevuka mwaka.

Wazazi wawili wagawane zamu za dakika 45. Mwenye zamu hanywi, anashika mfuko, na ufunguo wa gari uko kwake. Asiye na zamu yuko huru kweli: anacheza, anapiga picha, haulizwi “umemwona?” Mpango wa “tutamwangalia wote” una kasoro moja kubwa, kila mmoja huamini mwenzake ndiye anayemwangalia.

Akienda mmoja

Anayebaki asichukuliwe kama mlinzi wa zamu. Mkubaliane saa ya kurudi na siku ambayo yeye naye atatoka. Kama mtoto anabaki na mlezi, mwachie karatasi moja: saa za kula na kiasi, dalili zake za usingizi, mzio, nambari mbili za simu, na ruhusa ya kwenda hospitali bila kukusubiri. Fanya majaribio mawili kabla: saa moja, kisha siku nyingine saa nne. Jaribio la kwanza kabisa lisiwe usiku wa harusi.

Usiku na asubuhi ya kazi

Mlalo wa ugenini ufuate sheria za nyumbani: chali, godoro gumu bapa, bila mto wala blanketi lililolegea. Kagua kitanda ulichopewa; pembeni pakipita zaidi ya vidole viwili, godoro si lake. Hatari kubwa ya usiku wa harusi ni mzazi aliyechoka kusinzia kwenye kochi na mtoto kifuani. Ukihisi macho yanafumba, mpokeze mwenzako au mlaze kitandani kwake.

Kesho yake mwamshe saa yake ya kawaida, apate mwanga wa asubuhi, na usingizi wa mchana urudi mahali pake. Tegemea usiku mbili au tatu za kuamka ovyo. Kwa wiki moja angalia joto, kikohozi, na nepi: mtoto mdogo akishuka chini ya nepi 6 zilizolowa kwa siku, akilia bila machozi au utosi ukibonyea, anaishiwa maji na asisubiri kesho.

Mkifika nyumbani fungueni mambo mawili tu, maziwa na nguo zilizolowa. Sanduku lingoje. Kazini, epuka kuweka kikao asubuhi ya kwanza. Na kabla hujalala, andika kwenye simu nepi zilizotumika, mililita zilizobaki na saa mtoto alipoanza kuchoka, kwa sababu harusi inayofuata utaanza na tarakimu hizo, ukizirekebisha kwa umri wake mpya.